Nairobi hadi Mbeya kwa siku mbili? Hapana

Juzi nimepata tena ujumbe ule ule. Safari hii ni baba mmoja wa Nairobi anayetaka kuendesha gari lake hadi Mbeya, yeye, mkewe na watoto wawili, na hawajawahi kukanyaga Tanzania: "Bosi, simu inasema ni masaa 20. Kumi Jumamosi, kumi Jumapili, ama?" Kazi yangu ni kuwapangia watu njia, niko Arusha miaka mingi sasa, na hesabu hii ya kuyakata masaa ya simu vipande viwili imenichosha. Naiandika hapa mara moja ili kesho nitume kiungo tu.

Karatasi kwanza, haraka haraka, maana kila mtu huziuliza na hazina ugumu. Leseni, kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lako, kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda (soma tarehe ya kuisha kabla hujaondoka dirishani), na bima ya Yellow Card, ile bima ya gari inayovuka mipaka, ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo kwenye mpango wa kadi hiyo. Pembetatu mbili, kizimamoto. Basi.

Sasa masaa. Nairobi, Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa, Mbeya: ni kama kilomita 1,300, na ni lami. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Wakisikia lami, kichwani wanaona 100 kwa saa. Lakini barabara zetu kuu hazivikwepi vijiji, zinapita katikati yake. Kila kijiji kina kibao cha 50, na askari wa usalama barabarani yuko kivulini na tochi yake ya kupimia mwendo. Kibao cha kuingia utakiona. Cha kutoka mara nyingine kimeanguka au kimemezwa na majani, nawe hujui kama umeshafunguliwa. Mimi huwaambia watu wabaki 50 hadi nyumba ziishe kabisa, hata kama gari la nyuma linapiga honi. Halafu kuna zile rasta, vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, zinazotikisa gari zima, kisha tuta, kivuko cha wanafunzi, tuta jingine. Ukimaliza unakanyaga mafuta dakika nne, kijiji kingine hicho. Mgeni hupunguza mapema kuliko mwenyeji na huchelewa kuongeza, na ni sawa afanye hivyo, ila masaa ya simu hayakumhesabia.

Hesabu yangu ni kilomita 55 kwa saa, pamoja na kusimama kula na kujisaidia. Arusha hadi Dodoma ni karibu kilomita 430, kwa hiyo ni mwendo wa saa 8. Siku imeisha. Namba hii sikuisoma popote. Imetokana na safari zangu, na nyingi zilikuwa za kiangazi. Masika huwa nashusha hadi 45, na hata hapo nakisia. Kwa mwenye mtoto mchanga hata kukisia sithubutu.

Kisha giza. Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkubwa. "Mbona mabasi yanatembea usiku?" Ndiyo, tangu 2023 yameruhusiwa tena. Lakini dereva wa basi amepita pale mara mia, tuta ambalo rangi yake ilishafutika analijua kama mlango wa kwake. Wewe hulijui. Na kuanzia Iringa uko kwenye njia ya malori ya Zambia na Kongo. Lori likiharibika, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, mbele na nyuma. Mchana ni ishara nzuri, unaiona toka mbali. Usiku ni majani meusi juu ya lami nyeusi, na ukiyaona umeshayapanda.

Niliwahi kuipangia familia moja Dodoma hadi Mbeya kwa siku moja, karibu kilomita 600, kwa sababu walinisihi nami nikakubali. Walifika saa 5 usiku. Hakuna aliyeumia, ila rimu mbili zilipinda kwenye tuta moja, na mama wa familia alinisimulia kwamba watoto walilia kuanzia Makambako. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nasema saa 11 jioni gari liwe limeegeshwa. Madereva wenzangu wanasema ninatupa zaidi ya saa nzima ya mwanga, na huenda wana haki. Lakini saa hiyo ndiyo ng'ombe wanarudi zizini, ndiyo bodaboda zisizo na taa zinajaa, na pancha moja tu inaimaliza yote.

Ukitaka kurudi kwa njia ya Dar, jua kwamba kwenye mlima wa Kitonga malori hupanda kwa gia ndogo, na moja likikwama mlimani mnaweza kukaa masaa. Mikumi nako, kilomita 50 hivi, barabara inakatiza hifadhi. Ukimgonga mnyama unalipa, na tembo hana taa za nyuma.

Kwa hiyo, baba wa Nairobi, ni siku nne. Ya kwanza lala Arusha, kwa sababu foleni ya Namanga haitabiriki. Ya pili Dodoma, au ishia Kondoa kama watoto watapenda michoro ya miambani ya Kolo. Ya tatu Iringa. Kutoka Dodoma ni kilomita 260 tu, mfike mchana mpumzike. Ya nne mwondoke saa 12 asubuhi, Mbeya. Kama likizo haitoshi siku nne za kwenda na nne za kurudi, mwaka huu geuzia Iringa.