Mcheza Bingo Hafuati Fedha Tu
Wengi hapa Mombasa hudhani kwamba mcheza bingo, kamari ya kulinganisha namba zinazotajwa na zile za tikiti yako, husukumwa na tamaa ya fedha pekee. Dhana hiyo haielezi kwa nini Waingereza, ambao kumbi zao za bingo zilienea baada ya sheria ya kamari ya mwaka 1960, hukaa jioni nzima wakisikiliza namba 1 hadi 90 zikitajwa, kila tikiti ikiwa na namba 15. Bahati haichagui fundi, hivyo bibi kizee na kijana huwa sawa mezani, na baina ya duru hupatikana nafasi ya chai na, tukiri, umbea. Mzee wa Mji wa Kale aendaye barazani kutazama bao bila kugusa kete angewaelewa upesi. Fedha hupotea kweli, ila aliyekosa leo hurudi kwa kuwa kiti chake kinajulikana.