Kisu hakitoswi maji ya bahari, na mengine ninayoyasikia kila wiki

Juzi alikuja kijana mmoja hapa karakana Kisauni na kisu chake cha kwanza amekifunga kwa gazeti, vipande viwili. Amekifua mwenyewe kutoka kwa springi ya lori na kwa kazi ya nyundo sina la kumwambia, ubapa umenyooka, mgongo hauna mashimo, mpini ashautoboa tayari. Kimekatika akifungua dafu. Nikamuuliza ulikitosa kwenye nini, yaani kilipokuwa chekundu cha moto ulikitumbukiza kwenye nini kigumike, akanijibu bila wasiwasi, "Maji ya bahari, ami, si ndo wazee walivokuwa wakifanya?" Huyu ni wa nne tangu Ramadhani iishe na jibu ni hilo hilo, wengine wanabeba jerikeni mpaka Nyali kuchota, basi nimeona niandike mara moja kila mtu asome manake inaniuma kuona vijana wenye mikono mizuri wanapoteza kazi ya wiki nzima kwa sekunde mbili.

Nilikipeleka kile kisu mlangoni kwenye mwanga nikamuonyesha mpasuko. Sehemu ya upande wa makali ilikuwa imeshika kutu, ile ya mgongoni inang'aa kama imekatwa leo. Maana yake ufa uliingia siku ile ile ya kutosa, maji ya chumvi yakapenya ndani yakaanza kula chuma, halafu yeye akakaa siku tatu anapiga msasa kisu ambacho kishakufa, dafu limekuja kumaliza tu. Na chembe za ndani zilikuwa kubwa kubwa kama chumvi ya mawe, wakati kisu kilichotoswa vizuri ukikivunja ndani kinakuwa kijivu laini huoni chembe kwa macho.

Sasa dhana yenyewe inakwenda hivi: chuma kikiwa chekundu tosa majini, kikilia sana ndio kimekuwa kigumu, na maji ya bahari yana nguvu kuliko ya mfereji. Hapo kwenye nguvu hawajakosea. Chuma cha moto kikiingia majini kinajizungushia utando wa mvuke na ule utando unazuia joto lisitoke haraka, chumvi inauvunja, kwa hivo maji ya bahari yanapoza haraka kuliko maji matamu. Wanapokosea ni kudhani kisu cha springi kinaitaka hiyo haraka. Springi nyingi za magari zina kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na hiyo kromiamu ndo inafanya chuma kigumike bila kuharakishwa, mafuta yanatosha kabisa. Ukikitia majini, makali ambayo ni membamba yanapoa na kugumika kwanza huku mgongo bado una moto, halafu mgongo nao unapogumika unatanuka, kwa sababu chuma kikigumika kinaongezeka ukubwa kidogo, sasa upande mmoja unavuta na mwingine unasukuma na kisu hakina pa kwenda. Utasikia "tik". Ukiisikia hiyo sauti usijipe moyo, hakuna kuchomelea wala kusugua, anza kingine.

Kuna na wale wa YouTube wanaoniambia mbona Wajapani wanatosa panga zao majini. Wanatosa ndio, ila chuma chao ni kingine, hakina kromiamu, na kabla ya kutosa wanaupaka ubapa udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, ili kila sehemu ipoe kwa mwendo wake, na pamoja na ujuzi wote huo bado mabingwa wao panga huwapasukia. Wewe na kisu chako cha kwanza unataka kuanzia hapo?

Fanya hivi. Tafuta mafuta ya kupikia, hata yale yaliyokwishatumika ya muuza viazi karai yatafaa bora uyachuje na yasiwe na tone la maji, lita tatu nne kwenye mkebe wa chuma wenye mfuniko, sio ndoo ya plastiki. Oili chafu ya gareji usiilete kwangu, moshi wake ni sumu na utauvuta wewe na majirani. Yapashe mpaka yawe na joto la chai unayoweza kuinywa, digrii 50 mpaka 60, manake mafuta ya baridi ni mazito hayapozi vizuri, watu wengi hapa wanashangaa lakini ndo hivo. Halafu tafuta sumaku, ya spika mbovu inatosha. Chuma kikifika kama digrii 770 sumaku inakiacha, haikishiki tena, ukishaona imekiacha kirudishe motoni kidogo tu kisogee rangi moja mbele, kisha kiingize kwenye mafuta ncha chini, wima, ukikisogeza juu na chini, usikikoroge pembeni kama uji kitapinda.

Na hii fanya jioni. Nasisitiza kwa sababu mchana na jua hili la Mombasa huioni rangi ya chuma, kinakuwa chekundu cha kutosha na wewe unakiona cheusi, unaongeza makaa, unavukuta, unakuja kukitoa kishapitiliza na chembe zishakua. Yule kijana alitosa saa saba mchana, uani, na ndo zile chembe za chumvi ya mawe nilizoziona. Mimi visu vyangu vyote natosa baada ya magharibi, taa nimezima.

Kosa lingine linatokana na hili hili: mtu anadhani akishatosa amemaliza. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kama glasi na kama glasi kitavunjika, kikianguka sakafuni tu basi. Lazima kirudishiwe moto mdogo kitulie, na usingoje kesho, kikiwa bado vuguvugu mkononi anza. Kwanza kijaribu na tupa, ikiteleza bila kung'ata ujue kimegumika. Kisugue kipande king'ae uone rangi, kiweke ndani ya oveni digrii 200 saa mbili, kitoe kipoe, rudia tena saa mbili. Huna oveni? Sufuria ya mchanga mkavu kabisa juu ya jiko la makaa, moto wa kuchechemea, laza kisu juu ya mchanga na usiondoke hapo. Ukiona rangi ya asali nyepesi kitoe. Kikifika buluu umepitiliza, hiyo inafaa springi sio makali ya kisu cha jikoni, itabidi utose upya.

Haya mengine nayapitia haraka.

"Chuma ni chuma, hata nondo inafaa." Haifai. Nondo kaboni yake mara nyingi ni robo asilimia hivi au chini ya hapo, hata uitose mara kumi makali yatalala ukikata kitunguu. Kabla hujaanza kufua kata kipande kidogo, kitose, jaribu na tupa. Kama tupa inang'ata, tafuta chuma kingine.

"Moto ukiwa mweupe ndio chuma kinafulika." Kikianza kutoa cheche kama fataki za sikukuu kinaungua, na kilichoungua hakirudi, kata hiyo sehemu utupe. Fua rangi ya chungwa, kikirudi kuwa chekundu hafifu acha kupiga, rudisha motoni.

"Piga sana kiwe kigumu." Nyundo inakupa umbo. Ugumu unatoka kwa kaboni na kwa kutosa, na kile ulichokigonga baridi ukikipasha tu ugumu wake umekwisha.

"Kisu kizuri hakishiki kutu." Hapa pwani, na hewa hii ya chumvi, kisu cha springi ukikiacha na maji ya ndimu usiku mmoja asubuhi kina madoa, na bado ni kisu kizuri. Kifute, kipake mafuta kidogo. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu zaidi ya asilimia 10 na kukitosa kunataka tanuri la kupima joto, mwanagenzi achana nacho kwanza.

Na hili moja sio la kupita haraka sana: bomba la mabati au chochote kilichopakwa zinki usikitie motoni. Zinki inachemka digrii 907, tanuri lako linafika na kupita, ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Nimeshawahi kulala nayo, sitaki kumuona mtu mwingine nayo.

Yule kijana nimempa kipande kingine cha springi, nimekikagua kwanza maana springi zilizotumika sana huwa zina nyufa ndogo ndogo tangu barabarani. Nimemwambia afue kifupi, ubapa wa vidole vinne vitano tu, makali asiyamalizie, ayaache unene wa sarafu mpaka kishatoswa. Kabla ya kutosa akipashe mara tatu mpaka sumaku ikiache na kila mara akingoje kipoe kwenye hewa mpaka kiwe cheusi, hiyo inazirudisha chembe ndogo. Alhamisi baada ya magharibi anakuja na mafuta yake, mkebe nitamuazima.