Kituo cha tabianchi cha kanda: maana yake, na watu waliomo

Mamlaka ya hali ya hewa ya nchi ndiyo inayotuambia kama kesho kutanyesha. Kituo cha tabianchi cha kanda ni ofisi ya nchi nyingi kwa pamoja, na kinachokishughulisha hasa ni msimu mzima: masika, vuli, na zile mvua za Juni hadi Septemba wanazozitegemea wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia. Nchi zimeungana kwa sababu chanzo ni kimoja. Maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida upande wa Afrika na kupoa upande wa Indonesia, vuli huelekea kuwa nzito Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania kwa mpigo.

Kwa upande wetu kituo hicho ni ICPAC, kilicho chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na ofisi zake ziko Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Kilianza mwaka 1989 kikiwa kituo cha kufuatilia ukame. Leo kinahudumia nchi 11, zikiwemo Tanzania, Rwanda na Burundi ambazo si wanachama wa IGAD.

Wengi hudhani humo ndani wote ni watabiri. Wapo watabiri, lakini wapo pia wataalamu wa maji, wa kilimo, wa malisho, wa kompyuta, na watu ambao kazi yao ni kuuliza: ramani hii mfugaji ataielewaje? Nzige walipovamia Afrika Mashariki mwaka 2020, watu hawa walikuwa miongoni mwa waliokadiria makundi yangeelekea wapi, kwa kutazama upepo, unyevu na majani.

Jambo linalowachosha kulieleza, nami naona linastahili subira, ni zile asilimia. Chukua mvua za vuli za mahali pamoja kwa miaka 30, tuseme 1991 hadi 2020, uzipange kuanzia vuli iliyopata mvua chache hadi iliyopata nyingi. Kumi za mwanzo ziite chini ya wastani, kumi za katikati wastani, kumi za mwisho juu ya wastani. Usipojua lolote kuhusu bahari, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Sasa mtabiri akisema juu ya wastani ni asilimia 50, wastani 30, chini 20, hajakuahidi mafuriko. Amesema mzani umeelemea upande mmoja, na bado katika misimu kumi ya namna hiyo, miwili hivi inaweza kuwa mikavu. Anayesikia "mvua nyingi zinakuja" amesikia nusu tu ya maneno.

Utabiri huo hutangazwa mara tatu kwa mwaka, katika mkutano ulioanza mwaka 1998. Kabla ya siku ya kutangaza, wataalamu wa kila nchi hukaa pamoja siku kadhaa wakilinganisha hesabu za kompyuta na kumbukumbu za mvua walizokuja nazo. Kumbukumbu hizo zina mwenyewe, naye hatajwi kabisa: mtu wa kituo kidogo cha mkoani ambaye saa tatu asubuhi, Jumapili na sikukuu, huenda kwenye kipima mvua, akamimina maji kwenye chupa yenye mistari, akainama hadi jicho lilingane na usawa wa maji, akaandika milimita. Akiacha mwezi mmoja, Ngong wanabaki na pengo.

Kazi hii ina uzito wake. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, sehemu kubwa za Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kabla ya ule wa tano, kituo na washirika wake walitoa tahadhari mapema. Kuandika tahadhari ya aina hiyo, ukijua ng'ombe wa watu wamekwisha kufa, si jambo jepesi.

Ramani ya kanda ikishatoka, mamlaka ya kila nchi huichukua na kuichambua mkoa kwa mkoa, ikiongeza tarehe ambazo mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha. Ukitaka kujua wakati wa kupanda mbegu, uliza utabiri huo wa nyumbani.