Kutu huanzia ndani ya sefu

Wiki hii nimeletewa tena bunduki ya marisau, imeviringishwa kwenye kanga, mwenyewe ana uso wa mtu aliyefiwa. Upande mmoja wa mtutu, ule ulioegemea ukuta wa sefu, umeota kutu ya rangi ya udongo mwekundu. Nilipofuta kwa kitambaa chenye mafuta, chini yake kulikuwa na vishimo. Akaniuliza lile lile ninaloulizwa hapa Tanga kila masika: "Fundi, sefu langu ni la chuma kizito na linafunga kabisa. Unyevu umepitia wapi?"

Haukuhitaji kupitia popote, mzee wangu. Ulikuwa ndani tangu ulipofunga mlango.

Dhana hii, kwamba sefu likifungwa ni kavu, imeharibu bunduki nyingi kuliko zote ninazozijua, na imenichosha. Sefu halina hewa yake lenyewe. Ukilifungua mwezi wa nne, hewa inayoingia ina unyevu wa asilimia 80 au zaidi, na ukifunga umeihifadhi pamoja na silaha. Unyevu ukipita kama asilimia 60, chuma hushika kutu kwa kasi. Kwetu sisi wa pwani kuna na chumvi ya upepo wa bahari na ya jasho la mikono, ambayo huvuta maji hata chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana kutu mara nyingi huja na umbo la kidole cha mtu.

Kisha kuna ubaridi wa usiku. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 25. Sefu lililokaa chini kwenye saruji, mgongo wake umegusa ukuta wa nje, laweza kufika hapo alfajiri. Zulia la ndani nalo hunyonya maji siku za mvua na kuyarudisha taratibu. Na msinitajie ule mpira wa mlangoni kwenye masefu ya kuzuia moto. Aghalabu umetengenezwa ili uvimbe ukipata joto la moto. Hewa ya kila siku inapita.

Liinue sefu juu ya vipande vya mbao, lisogeze mbali na ukuta wa nje. Kama umeme wako ni wa uhakika, weka fimbo ya kupasha joto sakafuni mwa sefu. Haiondoi hata tone la maji, lakini ikipandisha joto kutoka nyuzi 25 hadi 30, unyevu wa asilimia 80 hushuka hadi 60 hivi. Umeme ukikatika siku mbili, umerudi pale pale, kwa hiyo weka na silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu.

Lakini kabla ya vyote hivyo, nunua kipima unyevu. Nawasihi. Watu wananunua sefu la bei kubwa halafu wanaona uchungu kununua kidude kinachoenea kiganjani. Kijaribu hivi: tia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha fungia kizibo na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano.

"Nimeshaweka silika jeli, fundi." Lini? Jeli hushiba, na ikishiba haikaushi kitu. Mimina kwenye sinia, ioke nyuzi 120 kwa saa mbili hivi. Ile ya bluu ina kobalti, kemikali ya sumu, usiitie kwenye oveni mnayopikia.

Mchele hausaidii, umekaa kwenye hewa hii hii, na utakuletea wadudu. Chumvi ya mawe ndani ya sefu ni kuialika kutu. Vile vikopo vya kabatini vinavyokusanya maji chini vinafanya kazi, ila maji yale ni ya chumvi kali, na kikipinduka karibu na mtutu mmoja utalia. Stenlesi nayo hupata kutu, inachelewa tu.

Mafuta mengi si kinga zaidi: hutiririka hadi kwenye kitako na kulainisha mbao. Futa ubaki utando mwembamba. Mafuta ya nazi huganda kwenye ubaridi.

Na mfuko wa ngozi ni wa safari. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizoilainisha kiwandani hula chuma. Bunduki ya wiki hii ilikuwa ndani ya mfuko huo, ndani ya sefu, tangu Januari. Kutu ya juu imetoka kwa mafuta na pamba laini ya chuma. Vishimo vitabaki.