Akiki ni nini?

Akiki ni jiwe gumu la jamii ya kwatzi, jekundu au la rangi ya machungwa, ambalo ukiliinua juani hupitisha mwanga kidogo. Mombasa utaliona zaidi kwenye pete za fedha za wanaume na kwa masonara wa Mji wa Kale. Lakini halichimbwi hapa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na akiki nyingi huzaliwa katika miamba ya volkano.

Lava inapopoa hubaki na matundu. Maji yenye silika, yaani madini yanayounda kwatzi, hupenya humo na kuacha utando juu ya utando wa fuwele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Wekundu wake ni chuma. Chuma hicho kikiwa bado kimeshikana na maji, jiwe huwa la manjano au hudhurungi. Likipashwa moto, maji hutoka na rangi huiva. Mafundi wa Gujarat, India, wanalijua hilo tangu kale: mawe ya Ratanpur huanikwa juani, hupikwa vyunguni kwa moto wa samadi, kisha huchongwa Khambhat. Shanga za akiki zilivuka bahari kwa vyombo vya kaskazi, na nyingine zimefukuliwa katika miji ya kale ya pwani hii.

Ngano ninayoipenda kuliko zote inatoka huko huko Ratanpur. Masidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, husimulia kwamba aliyeanzisha kazi ya akiki ni Bava Gor, walii kutoka Uhabeshi, na hadi leo kaburi lake lililo kilimani huzuriwa. Ingefaa watoto wa pwani walijue jina hilo.

Zipo imani nyingine: akiki hukinga kijicho, huzuia damu, huondoa ufukara. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na baadhi ya wafafanuzi wamesema huenda kilikuwa akiki. Ama riwaya, yaani hadithi inayosimuliwa, kwamba akiki huondoa ufukara, wanavyuoni wengi wa hadithi wameikataa, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kuuziwa pete kwa bei ya dawa.

Ukinunua, kitazame kito kwa lenzi: viputo vya duara ndani yake ni dalili ya kioo. Akiki ya kweli hukwaruza kioo, na kisu cha kawaida hakiikwaruzi.