Kokeini na moyo: hatari haingoji uraibu

Kijana wa miaka 20 na ushei akiletwa kwetu idara ya dharura ameshika kifua, hana kisukari, hana historia ya presha, lazima nimuulize kama ametumia kokeini. Wengi hukana mwanzoni. Ndugu wakishatoka nje jibu hubadilika, na mara nyingi hufuatwa na utetezi uleule: "Lakini daktari, mimi si teja. Nagusa kidogo tu wikendi."

Utetezi huo ndio unaonisumbua. Tumewazoesha watu kuiogopa kokeini kwa sababu ya uraibu, basi asiyejiona mraibu hujihesabu salama. Uraibu upo na unaharibu maisha, nitaufikia. Lakini moyo unaweza kusimama muda mrefu kabla uraibu haujaanza.

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali. Seli moja humwaga kemikali, jirani yake huipokea, kisha ile ya kwanza huifyonza irudi ndani. Kokeini huziba njia ya kurudi. Dopamini, moja ya kemikali hizo, hurundikana kwenye ubongo, na hapo ndipo inapotoka ile raha na kujiona unaweza lolote. Watu wengi wanaijua habari ya dopamini na wanaishia hapo. Mimi naihofia zaidi noradrenalini, ambayo nayo huachwa ikizagaa. Hii ndiyo huuamuru mwili ujiandae kupigana au kukimbia. Mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, na moyo unadai oksijeni nyingi kuliko kawaida. Wakati huohuo mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu inabana. Juu ya hayo, chembe za kugandisha damu zinakuwa nyepesi kushikamana, na bonge likijifunga ndani ya mshipa uliokwisha kubana, sehemu ya msuli wa moyo inakosa damu na kuanza kufa. Huo ni mshtuko wa moyo, na unaweza kumpata mtu ambaye mishipa yake ilikuwa safi asubuhi ya siku hiyo.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliofanywa kwa kuwahoji watu waliopatwa na mshtuko wa moyo, ulikadiria kwamba katika dakika 60 za kwanza baada ya kutumia kokeini hatari ya mshtuko hupanda takriban mara 24. Baada ya saa hiyo hatari hushuka, ila haiishi papo hapo. Mabaki ya kokeini yanapovunjwavunjwa mwilini huweza kuibana mishipa tena. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa kifua saa kadhaa baadaye, stimu imekwisha kabisa, naye haoni uhusiano wowote.

Hapo kwenye stimu kuna mtego ambao sioni ukielezwa vya kutosha. Anayenusa huhisi raha kwa dakika 15 hadi 30 hivi. Anayevuta moshi wa kraki, yaani kokeini iliyogeuzwa vijiwe vya kuchomwa, hupata dakika 5 hadi 10 tu. Lakini damu huhitaji karibu saa nzima kupunguza nusu ya kokeini iliyomo. Raha inaondoka, dawa bado imo. Mtu anaongeza, halafu anaongeza tena, akiamini anarudi pale alipoanza, kumbe kila dozi inapanda juu ya mabaki ya iliyotangulia. Ubongo umeshaizoea na hausisimki kama mwanzo. Moyo na mishipa vinaendelea kubeba mzigo unaokua.

Kuna njia ya pili ambayo kokeini huua moyo, na hii haihitaji bonge la damu. Mwaka 1884 daktari wa macho Carl Koller, akiwa Vienna, alionyesha kwamba matone ya kokeini hulitia ganzi jicho kiasi cha kuweza kulipasua bila maumivu. Ulikuwa mwanzo wa dawa za ganzi za sehemu, na madaktari wa pua na koo katika baadhi ya nchi wameendelea kuitumia kwa kipimo maalumu. Ganzi hutokea kwa sababu kokeini huziba vijia vya sodiamu ambavyo neva huvitumia kupitisha umeme. Moyo nao hupiga kwa umeme, kwa vijia vya jinsi hiyohiyo. Dozi ikiwa kubwa, umeme wa moyo huchelewa, mpangilio unavurugika, na moyo hubaki ukitetemeka bila kusukuma damu. Mwaka 1986 Len Bias, mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye miaka 22, alikufa hivyo kwa kokeini siku 2 baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics, timu ya kulipwa ya Marekani. Mwili wa mwanamichezo haukumkinga.

Pombe huzidisha. Ikikutana na kokeini mwilini, ini hutengeneza kemikali ya tatu iitwayo kokaethilini, ambayo hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na ni kali zaidi kwa moyo. Tena kokeini humfanya mnywaji asijione amelewa, naye anaendelea kunywa.

Presha inayopanda ghafla huweza pia kupasua mshipa wa ubongo au kuchana ukuta wa mshipa mkuu wa damu. Nimewahudumia vijana wenye kiharusi cha aina hiyo, na sitaki kukizungumzia kirahisi. Kuna degedege. Kuna joto la mwili kupanda hadi misuli inaanza kuyeyuka na figo kuziba kwa mabaki yake. Kwa mjamzito, kondo la nyuma huweza kubanduka kabla ya wakati, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Kwa anayenusa miaka mingi, gegedu linalotenganisha matundu ya pua hukosa damu na kutoboka. Wengine huona au kuhisi wadudu wasiokuwapo wakitembea chini ya ngozi, wakajikuna hadi vidonda.

Na hapo nazungumzia kokeini peke yake. Inayouzwa huchanganywa. Levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, imekutwa ndani yake mara nyingi. Huweza kumaliza chembe nyeupe za damu hadi maambukizi madogo yakaua. Katika baadhi ya nchi imekutwa na fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya heroini, ambayo huzima pumzi. Mtu aliyetumia kokeini akilala fofofo, midomo ikawa ya buluu na pumzi zikawa za kuhesabu, piga simu ya dharura, na kama ipo naloksoni, dawa inayoizima nguvu ya fentanili, mpe bila kungoja uhakika. Anayeweweseka na kuchemka, mpeleke penye ubaridi, mpunguzie nguo, mloweshe maji, usimkamate kwa nguvu. Na maumivu ya kifua usiyasubiri yapite.

Mkifika, mwambieni daktari ukweli. Sikuulizi ili nikuhukumu. Jibu lako linabadilisha dawa ninayoshika. Mgonjwa wa kokeini huwa namwanzishia dawa za kumtuliza za jamii ya diazepamu, kwa sababu zinashusha presha na mapigo kwa kuutuliza ubongo unaovisukuma. Dawa za kupunguza mapigo za jamii ya propranololi, tunazowapa wagonjwa wengine wa moyo, kwake tunaziepuka awali, maana zinaweza kuiacha mishipa ikabana zaidi. Ukinificha, naweza kukupa dawa sahihi ya ugonjwa usio wako.

Kuhusu uraibu wenyewe: hadi sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa cha kuutibu uraibu wa kokeini, tofauti na heroini ambayo ina methadoni. Kinachofanya kazi ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kutambua vichochezi vyake, na mpango wa kumpa zawadi ndogo, kama vocha, kila mkojo wake unapokutwa safi. Wapo wanaoudharau mpango wa zawadi wakisema ni kuwahonga waraibu. Mimi nauunga mkono bila kusita, kwa kuwa ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mzuri kuliko zote tulizonazo. Wiki za mwanzo ni za huzuni nzito na usingizi mwingi, wengine hufikiria kujiua, kwa hiyo asiachwe peke yake.

Aliyetumia muda mrefu hukutwa na msuli wa moyo ulionenepa au uliolegea. Wagonjwa hao huniuliza kama wamechelewa. Baadhi yao, wakiacha kabisa na kufuata matibabu, nguvu ya moyo kusukuma damu huongezeka tena, na tunaiona ikipanda kwenye picha za moyo tunazorudia baada ya miezi.