Binet hakubuni IQ

Wengi hudhani mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet ndiye aliyebuni IQ, ile alama ya akili, ili kupima akili ambayo mtu kazaliwa nayo. Sivyo. Mwaka 1905 yeye na Théodore Simon walitoa mazoezi 30, kuanzia mepesi hadi magumu, kwa kazi moja tu: kuwatambua watoto wa Ufaransa waliohitaji kufundishwa kivyao. Zoezi la kwanza halikudai hata neno: njiti ya kiberiti inayowaka inapitishwa mbele ya macho, je, mtoto anaifuata? La nne, anaonyeshwa chokoleti na kipande cha mbao; atambue kipi huliwa.

Umri wa akili, yaani umri wa watoto ambao mtoto hujibu kama wao, uliingia mwaka 1908. Wazo la kuugawanya kwa umri halisi ni la Mjerumani William Stern, mwaka 1912, Binet akiwa ameshafariki. Kuzidisha kwa 100 kulienezwa na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1916. Mtoto wa miaka 10 anayejibu kama wa 8 anapata 80. Kwa watu wazima hesabu hii huvurugika: miaka inaongezeka, alama haziongezeki, na mtu wa miaka 40 anaonekana mjinga bure! Vipimo vya leo humlinganisha mtu na wa rika lake.